Joto liingie chumbani, moto ubaki nje

Swali la msomaji: "Kijijini kwetu baridi na dhoruba zikianza, mvua na upepo hutushika siku 3 au 4 bila kupumzika. Ndani tuko 6: mimi na mume wangu, watoto wawili, mama mkwe aliyevuka miaka 70, na mtoto wetu mchanga wa miezi 3. Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani, lakini tukiamka vichwa vinauma. Tukilitoa, tunatetemeka mpaka asubuhi. Bandani nina mbuzi wawili wenye mimba, na mto ukijaa hatuwezi kufika zahanati. Tufanyeje ili tuvuke usiku kama huo salama?"

Dada yangu, nianze na hivyo vichwa vinavyouma asubuhi, kwa sababu hapo ndipo uhai wenu ulipo. Maumivu hayo hayaletwi na baridi wala na usingizi mbaya. Mkaa unapoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni, na inang'ang'ania hapo kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni yenyewe. Kwa hiyo hata ikiwa kidogo chumbani, damu inaendelea kuikusanya saa baada ya saa, hadi moyo na ubongo vinakosa hewa huku mwenyewe amelala. Ninyi mmeamka na kichwa kinauma. Ziko familia ambazo hazikuamka.

Nisamehe kwa kulisema wazi hivyo, lakini nimefanya kazi ya afya vijijini kwa muda mrefu na nimewahi kuitwa alfajiri kwenye nyumba ambayo baba alikuwa ameanguka hatua mbili kabla ya kuufikia mlango. Alipona kwa sababu jirani alishangaa kuona saa ya kukamua imepita na mlango haujafunguliwa. Baadaye aliniambia kwamba alijua kabisa anatakiwa kutoka, ila miguu ilikataa. Hivyo ndivyo hewa hii inavyofanya: inaondoa nguvu za mwili kabla hujapata nafasi ya kujiokoa. Usitegemee kwamba hali ikizidi mtaamka.

Mkaa unadanganya kuliko kuni. Kuni zikifuka moshi mtakohoa, macho yatatoka machozi, mtu atafungua mlango. Mkaa ulioshika vizuri unang'aa mwekundu, hauna moshi, unaonekana msafi, na watu wanauamini. Kuufunika kwa majivu ili udumu mpaka asubuhi ni hatari zaidi, maana mkaa unaonyimwa hewa ndio unaotoa sumu hiyo kwa wingi. Wapo wanaoweka bakuli la maji kando ya jiko wakiamini maji yatainyonya. Hayainyonyi kwa kiasi chochote cha kukuokoa. Na dirisha lililoachwa wazi upana wa kiganja si kinga ya kutegemea, hasa usiku wa dhoruba, upepo unapogeuka kila saa na mtu anaamka kulifunga kwa sababu ya baridi.

Mtoto wako mchanga ndiye ninayemwogopea zaidi. Miaka ya 1890 mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane, alichunguza vifo vya wachimbaji wa makaa ya mawe baada ya milipuko migodini, akaonyesha kwamba wengi waliuawa na kaboni monoksaidi na si mlipuko wenyewe. Ndiye aliyeshauri wachimbaji washuke na wanyama wadogo, na kwa miaka mingi walishuka na ndege ndani ya tundu. Mwili mdogo unaopumua kwa kasi huathirika mapema kuliko mwili mkubwa, kwa hiyo ndege akianguka watu walipata muda wa kukimbia. Mtoto wa miezi 3 anapumua kwa kasi kuliko wewe, na hawezi kukwambia kwamba kichwa kinamuuma.

Basi jiko lisilale nanyi tena, hata usiku mmoja, hata kama limebaki na makaa machache. Na ikitokea mmeamka na kichwa kizito, kichefuchefu, au miguu haina nguvu, wote mtoke nje kwanza, hata kama mvua inanyesha. Simameni upenuni au nendeni kwa jirani. Jiko litolewe na milango ifunguliwe baada ya watu kutoka. Ukitaka kutofautisha sumu hii na mafua, angalia mambo matatu: mwili hauna homa, mnaumwa wote kwa wakati mmoja, na mnapata nafuu mkikaa nje. Hata mkijisikia vizuri baadaye, muone mhudumu wa afya, kwa sababu mtu akivuta hewa safi ya kawaida huchukua takribani saa 4 hadi 5 kwa nusu tu ya sumu hiyo kutoka kwenye damu. Hospitalini wakimpa oksijeni, muda huo unapungua sana.

Sasa tuje kwenye kutetemeka, maana najua hakuna anayeingiza jiko chumbani kwa kupenda. Watu wengi hudhani adui wa usiku wa dhoruba ni baridi. Baridi peke yake mwili unaiweza, ukiwa mkavu na umekingwa na upepo. Blanketi lenyewe halina joto. Kazi yake ni kuikamata hewa kati ya nyuzi zake isitembee, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Maji yakiichukua nafasi ya hewa hiyo, mambo yanageuka, kwa kuwa maji hupitisha joto takribani mara 24 zaidi ya hewa. Shati lenye unyevu mgongoni, soksi zilizoloa, godoro lililonyonya maji ya sakafuni, vyote vinawanyonya joto usiku kucha. Tena maji yanapokauka juu ya ngozi yanahitaji joto ili yageuke mvuke, na joto hilo yanalichukua kwako.

Upepo nao hufagia ile hewa ya joto iliyojikusanya karibu na ngozi. Mwaka 1945 Paul Siple na Charles Passel walichapisha vipimo walivyovifanya Antaktika: walitundika chombo kidogo cha plastiki chenye maji na kuangalia maji yanaganda baada ya muda gani kadiri upepo unavyobadilika. Hesabu zinazotumika leo zilirekebishwa mwaka 2001. Kwa hesabu hizo, hewa ya nyuzijoto 5 yenye upepo wa kilomita 40 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa karibu tulivu ya nyuzijoto 1 chini ya sifuri. Ule ufa mdogo chini ya mlango, au pengo kati ya ukuta na paa linalopuliza moja kwa moja kitandani, linawagharimu kuliko mnavyodhani.

Hapo ndipo jiko lilipowatega. Mkiwa na moto chumbani mnalazimika kuacha upepo uingie ili msife kwa sumu, na upepo huohuo ndio unaoondoa joto la moto mliouwasha. Mkiziba upepo, mnajifungia na sumu. Jiko likitoka, mnaruhusiwa kuziba: nguo kuukuu chini ya mlango, gunia kavu au boksi lililokunjuliwa kwenye nyufa zilizo usawa wa kitanda. Acheni tu nafasi ndogo juu karibu na paa, upande usiopigwa na upepo, ili unyevu wa pumzi upate pa kutokea.

Chumba chenu hakihitaji moto, kinahitaji joto, na joto hubebeka. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilitaja nyuzijoto 18 kuwa kiwango cha chini ambacho ndani ya nyumba hapafai kushuka msimu wa baridi. Kwa nyumba ya kijijini iliyozingirwa na dhoruba, kukifikisha chumba kizima hapo ni kazi kubwa, na mimi sitakushauri uhangaike nayo. Pasheni joto kitanda, siyo chumba.

Anzeni jioni mapema, kungali na mwanga. Kila aliyetoka nje avue kila kitu kilichoguswa na mvua, mpaka nguo ya ndani kabisa, ajifute vizuri hasa nywele na katikati ya vidole, avae nguo ambazo kazi yake ni kulalia tu. Nguo zilizoloa zisianikwe chumba cha kulala. Maji yote yanayotoka humo yataishia kwenye mablanketi na kuta. Zianikeni jikoni au upenuni. Kaeni jikoni pamoja wakati moto unawaka na moshi una pa kutokea, mle chakula cha moto muda mfupi kabla ya kulala, kwa sababu mwili unaposaga chakula unazalisha joto, na mtu aliyelala na njaa hupoa mapema. Kisha mwende kulala, moto ubaki jikoni.

Kuni ziwe kavu. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake, na moto wenu utatumia nguvu zake kuyachemsha maji hayo kabla haujawapa joto lolote, huku mkivuta moshi mzito. Pasueni kuni mapema, miezi kabla ya msimu, mzipange juu ya mawe au magogo ili zisiguse ardhi, paa likizifunika na ubavu ukiachwa wazi upepo upite.

Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kubadilisha kwenye vitanda vya vijijini, nitachagua chini, siyo juu. Watu huongeza blanketi la tatu na la nne juu yao huku mgongo umelala juu ya godoro jembamba au mkeka uliogusa sakafu. Kitu kilichobanwa na uzito wa mwili hakina hewa ndani yake, kwa hiyo hakizuii joto, na sakafu ya udongo au saruji haishibi joto lako. Chukua majani makavu kabisa, uyajaze kwenye magunia safi mpaka unene ufike kiganja na nusu hata baada ya mtu kulala, uyaweke chini ya godoro. Maboksi makavu yaliyokunjuliwa yanasaidia. Magazeti pia. Blanketi moja likitolewa juu na kuwekwa chini, mtu wa kawaida atalala na joto zaidi kuliko alivyolala jana. Mkitoka kulala, nyanyueni kila kitu kipigwe na hewa, maana jasho la usiku hukusanyika upande wa chini usioonekana.

Kisha kuna maji ya moto. Yachemshwe jikoni, yaachwe yapoe kidogo, yatiwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko kinachobana. Chupa nyembamba za plastiki za maji ya kunywa hujikunja na kuvuja zikitiwa maji ya moto sana, usizitumie. Ifunike kwa soksi nene au kitambaa, uiweke kitandani nusu saa kabla ya mtu kuingia, sehemu ya kiuno na miguuni. Maji hubeba joto karibu mara 5 zaidi ya jiwe la uzito uleule, kwa hiyo ukiwa na chupa nzuri, itumie hiyo. Usipokuwa nayo, jiwe kavu lililopashwa kando ya moto na kufungwa kwenye tabaka kadhaa za nguo linafaa pia. Lisiwe jiwe la mtoni: maji yaliyojificha ndani yake yakigeuka mvuke, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Na chochote unachomwekea mzee au mtoto, ukishike wewe kwanza mkononi kwa dakika nzima. Ukishindwa kukishika, kitamuunguza. Wazee wengi ngozi zao hazihisi kuungua mapema.

Joto jingine ni ninyi wenyewe. Mtu mzima aliyetulia hutoa joto la takribani wati 80 hadi 100. Usiku wa dhoruba, kulala chumba kimoja kidogo ni akili kuliko kutawanyika vyumba vitatu. Watoto wawili wakubwa walale pamoja. Shemeji yangu, yaani mume wako, alale upande wa ukuta unaopigwa na upepo, maana ukuta huo ndio baridi kuliko yote na yeye ndiye mwenye mwili wa kuhimili. Asubuhi mvua ikipungua hata kidogo, fungueni madirisha dakika 10. Mafua hupita kwa urahisi watu wanapobanana kwenye hewa isiyobadilika.

Mtoto mchanga ana taratibu zake. Mtoto wa umri huo hatetemeki kama mtu mzima. Mwili wake huchoma mafuta maalumu ya kahawia yaliyo mgongoni na shingoni, na akiba hiyo inaisha. Kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, hivyo hupoteza joto jingi kupitia hapo. Njia bora ya kumpasha joto ni kifua chako. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, huko Bogotá nchini Kolombia, alianza kuwaweka watoto waliozaliwa kabla ya wakati kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwatunzia hazikutosha. Utaratibu huo sasa unaitwa huduma ya kangaruu na unatumika duniani kote. Mwanao hakuzaliwa juzi, lakini kifua chako kitamfaa vilevile: akiwa na nepi na kofia tu, mlaze wima kati ya matiti yako, mfunike mgongo kwa nguo yako na blanketi, uso wake ukiwa upande na pua iko wazi. Ukichoka, mpe baba yake. Kifua cha baba kina joto lilelile.

Fanya hivyo ukiwa macho. Usingizi ukikushika, mlaze chali mahali pake karibu na kitanda chenu, amevaa nguo kavu tabaka moja zaidi ya zile unazovaa wewe, bila blanketi zito linaloweza kupanda usoni. Ondoa chupa ya maji ya moto kabla hujamlaza. Kumlaza katikati ya watu wazima wawili waliochoka, chini ya mablanketi mazito, ni kumweka kwenye hatari ya kukosa hewa. Ukitaka kujua kama ana baridi, usiguse viganja vyake, hivyo huwa baridi mara nyingi hata akiwa salama. Gusa kifua au nyuma ya shingo. Shingo ikiwa na jasho, punguza nguo. Kifua kikiwa baridi, na mtoto amelegea, hanyonyi, kilio chake ni dhaifu, huyo ni mgonjwa: mrudishe kifuani mara moja na mtafute msaada mkiwa mmemfunika hivyohivyo.

Mama mkwe naye asiachwe kwa sababu tu halalamiki. Mwili wa mzee hutetemeka kidogo, huhisi baridi kwa kuchelewa, na wengi wao hupunguza kunywa maji ili wasitoke kwenda chooni usiku. Mpe ndoo yenye mfuniko chumbani ili asilazimike kutoka kwenye mvua, na umwambie wewe mwenyewe kwamba ndoo hiyo si usumbufu kwako. Baridi hubana mishipa ya damu na kupandisha shinikizo, kwa hiyo kama ana dawa za shinikizo la damu, zisikatike msimu huu. Siku za baridi kali mshtuko wa moyo na kiharusi huongezeka.

Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzijoto 37. Likishuka chini ya 35, mtu yuko hatarini. Huwezi kulipima gizani bila kipimajoto, lakini unaweza kumtazama: anaangusha vitu, anajikwaa, maneno yanamtoka yamevurugika kama mlevi, anakuwa mkali au mzito bila sababu. Dalili ninayoiogopa zaidi ni mtu aliyekuwa akitetemeka sana kisha akaacha wakati bado ana baridi. Wengi hufurahi wakidhani amepona. Mwili wake umeishiwa nguvu za kutetemeka. Wengine hufikia hatua ya kuvua nguo wakisema wanaona joto, na hapo hali ni mbaya sana.

Mtu wa namna hiyo mwondoeni kwenye upepo, mvueni nguo zenye maji taratibu, mfunikeni kwa vitu vikavu juu na chini, kichwa pia. Mtu mwenye joto alale karibu naye. Chupa za maji ya uvuguvugu ziwekwe kifuani, kwapani na kwenye kinena, siyo mikononi na miguuni. Msimsugue viungo, wala msimburute karibu na moto: damu baridi iliyokaa mikononi na miguuni ikirudi ghafla moyoni inaweza kuuvuruga. Akiwa anajitambua na anaweza kumeza, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kidogokidogo. Pombe hapana kabisa. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu anahisi joto usoni huku joto la ndani likitoroka.

Kuhusu nyumba yenyewe nitakuwa mfupi. Upepo ukiongezeka kasi mara 2, nguvu yake huongezeka mara 4, ndiyo maana paa lililostahimili jana linaweza kung'oka leo. Mlango au dirisha linaloelekea upepo unakotoka likiachwa wazi, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani wakati ule wa nje unalivuta juu. Fungeni upande huo kwanza. Mtu asipande juu ya paa dhoruba ikiendelea, hata bati likipigapiga. Hamisheni watu waende chini ya sehemu imara. Kukiwa na radi, kaeni mbali na kuta zenye nyaya na mabomba, na asitoke mtu kwenda kwenye mti wala uzio wa waya. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Radi inanipeleka kwa mbuzi wako. Mwezi Agosti 2016, kwenye uwanda wa Hardangervidda nchini Norwei, radi iliua kulungu wa kaskazini 323 kwa mara moja, wakiwa wamejikusanya pamoja kwenye dhoruba. Umeme ulipita ardhini, ukapanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine, na mnyama mwenye miguu minne iliyo mbalimbali hupata sehemu kubwa ya umeme huo. Usiwafunge mbuzi chini ya mti mkubwa uliosimama peke yake, hata kama ndipo panapoonekana pakavu.

Kwa baridi, kanuni ya mbuzi ni ileile ya kwenu: wakauke, wakingwe na upepo, na moto usiingie bandani. Manyoya yaliyoloa hulala na kupoteza ile hewa inayowapa joto, hivyo paa lisilovuja ni muhimu kuliko kuta nene. Upande wa upepo, ukuta uliozibwa kabisa hufanya upepo uruke na kuanguka kwa kishindo nyuma yake, wakati ua wa matawi au mbao zenye nafasi ndogondogo hupunguza kasi yake taratibu, na kinga yake inaweza kufika umbali wa mara 10 ya kimo cha ua. Ndani wekeni majani makavu mengi chini, mkiongeza juu kila siku. Usizibe banda lote. Mkojo hutoa hewa kali ya amonia inayochoma mapafu, kwa hiyo acha uwazi juu ya vichwa vyao. Chakula cha usiku kiwe majani makavu kwa wingi, kwa sababu tumbo la mbuzi linapoyachachusha hutoa joto kuliko linapopata nafaka.

Wakizaa usiku huo, mkaushe mtoto kwa kitambaa mpaka manyoya yasimame, hakikisha amenyonya dang'a ndani ya saa chache za kwanza, kisha tia kidole mdomoni mwake. Joto lake la kawaida ni nyuzijoto 39 hivi, kwa hiyo mdomo unatakiwa uhisi moto kidogo. Ukiwa baridi na amelegea, mpashe joto kwanza kwa chupa za maji na kitambaa kikavu, ndipo umnyweshe. Ukimlazimisha maziwa akiwa amepoa, hawezi kumeza vizuri, yanaingia kwenye mapafu.

Umeniambia mto hujaa. Maji yanayokwenda kasi hayahitaji kina kirefu: sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 zinaweza kulibeba gari. Usiku huoni kina wala magogo yanayokuja na mkondo. Kwa hiyo mzungumze mapema, wakati jua linawaka, na jirani aliye upande wenu wa mto: nani ana dawa gani, nani ana simu yenye chaji, nani anajua kumkandamiza kifua mtu aliyezimia na hapumui, nyumba ipi itafunguliwa paa la mwingine likienda. Simu moja izimwe na kukaa ndani ya nguo karibu na mwili, maana betri ikipoa huisha haraka. Kama dhoruba inatabiriwa na kuna mtu tayari anaumwa au mjamzito aliyekaribia kujifungua, avushwe siku moja kabla. Maji ya kisima kilichofikiwa na mafuriko yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima kabla ya kunywa. Mkiwa milimani, zaidi ya mita 2,000, yatokote dakika 3.

Kesho mvua ikipisha, uanze na godoro la mama mkwe. Linyanyue, upitishe kiganja upande wa chini, pale mgongo wake unapolala. Kama pana ubaridi na unyevu, litoe juani hata kwa saa moja, na kabla ya magharibi uwe umepata majani makavu ya kujaza magunia mawili.